Kipande cha Ini cha Mama Mwanamina

Mwaka umetimia, Mama yetu Mwanamina, tangu tukurudishe Mohoro nyuma ya gari la kuazima, ile Machi ya 1993. Juzi wanao tumekusomea hitima. Watu walikula pilau, na Mjomba Abdulswamadu, kaka yako, alikula sahani mbili.

Ulikuwa mtu wa kazi. Msimu wa mpunga ulihamia bondeni ukaishi juu ya dungu miezi mitatu, ukifukuza ndege kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto. Jirani yako Semeni alipougua, ulilinda na shamba lake, wala hukumkumbusha hata siku moja. Wali wako uliuunguza kidogo kwa makusudi, kwa kuwa Sihaba, kitinda mimba wako, alipenda ukoko.

Doa jeusi lilipotokea chini ya unyayo wako ulidhani ni mafuta ya ganda la korosho, ukalisugua kwa jiwe mwaka mzima. Madaktari walilikata wakasema ni melanoma, saratani ya ngozi. Ulirudi ukichechemea, ukawaambia majirani kuwa mguu huo hata zamani haukujua ngoma.

Mwaka uliofuata saratani ilionekana kwenye ini. Daktari mpasuaji wa Dar es Salaam alikueleza polepole, Sihaba akiwa ameketi miguuni pako. Uvimbe ulikuwa mmoja, upande mmoja. Angekata kipande hicho, na ini lililobaki lingekua tena. Hakukuahidi kupona; alisema huenda ungepata miaka. Ila damu lazima itolewe na ndugu, watu watatu.

"Nikateni," ulisema. "Nina mpunga wa kuvuna."

Ndipo akaja Mjomba. Tangu biashara iwe ruksa, naye afungue meza ya mitumba Ikwiriri, hakuvua koti la sufu lenye kola ya manyoya, hata jua la saa saba. Alituita uani mwa hospitali, jasho likimtiririka, akasema mguu wa mtu ukikatwa huvishwa sanda ukazikwa kwao, basi na ini ni vivyo hivyo. Kipande akabidhiwe yeye, akizike Mohoro. La sivyo, hakuna wa ukoo wake atakayetoa hata tone. Daktari alimweleza kuwa kipande lazima kipite maabara kwanza kichunguzwe, kitakachobaki atapewa. Mjomba alikitaka kizima. Nyama ya unyayo wako haikumshughulisha, siku zile alipokuwa bado hana koti.

Kaka Saidy, mwanamume mwenye ndevu na watoto wanne, alisema tumsubiri Mjomba. Mama mdogo Zamda akasema hivyo hivyo. Sihaba peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, chupa moja ikajaa. Alirudi uani na pamba mkononi, na yeye, ambaye mbele ya wajomba huwa haongei, aliongea.

"Mama yu hai, Mjomba. Hilo kaburi ni la nani?"

"Mtoto wa kike hanifundishi mazishi," alisema, akajifuta shingo kwa kola.

Wewe ulimwita kitandani, wala hukuwa na hasira. "Kaka, ini ni langu. Nikifa nalo zima, litakufaa nini?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Mjomba akaona amevunjiwa heshima. Alipanda basi kurudi Mohoro, akaitisha kikao cha ukoo. Kikao kiliahirishwa mara mbili, na mara ya pili ni kwa sababu marobota yake ya mitumba yalikuwa yameingia. Wiki ya sita alirudi kutuambia amekubali, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Ulipigwa picha tena. Uvimbe mmoja ulikuwa umekuwa saba, pande zote mbili. Daktari alimwambia Sihaba hapakuwa tena na pa kukata.

Uliishi siku kumi na tisa. Ya mwisho uliuliza kama ndege wamezidi bondeni, tukakudanganya kuwa mwaka huo ni wachache. Makaburini Mjomba alisimama ndani ya koti lake akawatangazia watu, "Dada yangu amezikwa mzima." Wapo waliomwitikia alhamdulillahi.

Unakumbukwa na wanao, Sihaba na Saidy, ambaye mpaka leo hawezi kumtazama mdogo wake usoni. Mdogo wako Zamda. Mjukuu wako Warda na wenzake watatu. Na jirani yako Semeni, aliyelilinda shamba lako msimu huu bila kuombwa. Hatujakusahau, Mama, wala hutatutoka moyoni. Mola akulaze pema.

Mjomba Abdulswamadu alituma mtu kusema jina lake lisiachwe katika tangazo hili. Halikuachwa.