Kiapo Nilichokikataa

Jumatano, Mchombe

Basi, shauri limetupwa. Jirani yangu, Mwalimu Kasiani, yuko rumande kwa kosa la ugaidi, kisa aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, "Tukae wote barabarani hadi mashamba yetu yarudi." Wakili wake alifungua shauri kupinga sheria ya ugaidi kwamba inaziba watu midomo. Akaniomba niape kuwa maneno yale yalitoka kwenye mkutano wa wakulima. Niliogopa, nikakataa. Leo jaji amelitupa shauri kwa kuwa hakuna aliyeapa kuliunga mkono.

Jioni nimemkuta mama yake Kasiani kwenye mashine ya kukoboa mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe wewe, mwanangu, hukuwepo mkutanoni?"

"Sikuwepo."

Nilikuwepo. Maneno yale niliyasema mimi. Kasiani aliyaandika tu.