Ng'ombe wa Kina Nice Anakula Nini

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimemaliza kusahihisha Sayansi, darasa la nne. Mtihani wa pamoja wa shule za huku mlimani, umekuja na mwongozo wake wa majibu. Swali la saba: ng'ombe anakula nini? Jibu: nyasi. Alama mbili. Watoto thelathini na mmoja wameandika migomba! Wote nimewapa kosa.

Nice Ephraimu kapata 48. Ijumaa Mwalimu Mkuu anagawa mikondo — hamsini kwenda juu ni A, wengine B. Na B tunaijua: dirisha halina kioo, na walimu tunaingia tukiwa tumeshachoka. Namwonea huruma. Lakini mwongozo ni mwongozo.

Jumanne, 13 Mei

Nimempigia mama, Kibosho. Nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Akauliza ng'ombe aliyenisomesha alikuwa anakula nini.

Mimi! Niliyekata migomba kila jioni, utomvu ukaweka madoa kwenye sare hadi namaliza la saba. Nikaona aibu. Kisha nikaanza kucheka, na mama naye akacheka, mpaka vocha ikaisha.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudisha karatasi. Nikauliza tu: kwa nini migomba?

Darasa zima mikono juu. Nice, ambaye tangu Januari sijasikia sauti yake, kasimama. Kwao nyasi hakuna, shamba lote ni kahawa na migomba. Mgomba una maji mengi, ukizidisha ng'ombe anaharisha, kwa hiyo bibi yake huchanganya na mabua makavu ya mahindi. Kayasema yote bila kumeza mate.

Hayo kwenye mwongozo hayamo. Miaka tisa naamini darasa likiwa kimya ndipo linaelewa. Kumbe lilikuwa linanistahi tu.

Alhamisi, 15 Mei

Ofisini kwa Mwalimu Philemoni, Mwalimu Mkuu wetu. Chai mkononi — ya maziwa ya ng'ombe wake wawili, anatuletea kila asubuhi. Nikaomba wale watoto thelathini na mmoja wapewe vema.

Amekataa. Shule nyingine zitasema tunapika alama. Nikasema basi Nice anaenda B kwa kosa la kusema kweli. Nadhani nilipandisha sauti kidogo. Haya, nilipandisha sana. Akasema orodha inabandikwa kesho saa nne, na chai yangu inapoa.

Ijumaa, 16 Mei

Saa tatu na nusu. Naandika humu humu darasani. Watoto wako kwenye vikundi, wanatunga swali la saba upya, na sharti ni kumuuliza mtu mzima mmoja. Kelele zinafika barabarani.

Ameingia! Mwalimu Mkuu, orodha mkononi, kanuna. Kuna nini huku? Wote wakasimama, shikamoo mwalimu. Nice hakukaa.

"Mwalimu, kwenu ng'ombe wanakula nini?"

"Migomba," kajibu, kabla hajafikiri.

Hakuna aliyecheka. Mimi nimeuma kalamu.

Amevuta pumzi. Amekaa kwenye dawati la Nice, magoti yamegota juu. Anamuuliza kwa sauti ya chini yale mabua yanachanganywa kiasi gani — mmoja wa ng'ombe wake anaharisha tangu Jumapili. Nice anamweleza taratibu, kwa vidole, kama anamfundisha mtoto wa chekechea.

Sasa kaazima kalamu yangu nyekundu. Anaandika anayoambiwa, nyuma ya ile orodha. Saa nne kasoro dakika tano. Bado hajaigeuza upande wa majina —