Dakika Kumi za Mokowe

Jumapili, 5 Oktoba

Nimerudi kutoka Mokowe saa tisa, mgongo unauma. Kazi imekwisha, alhamdulillahi. Kompyuta imekaa kwenye buti la gari, kamera nne zimefungwa, picha inafika kwenye simu yangu nikiwa hapa kisiwani Amu. Nimeketi kwenye baraza nalitazama gari langu ng'ambo ya maji. Liko pale pale karibu na gati. Mbuzi wawili wamelala chini yake.

Zena anacheka. Asema nimeoa mke wa pili nikamweka Mokowe, na sasa namchungulia. Acheke. Amu hakuna barabara za gari, gari lazima lilale bara, na mtu ana haki ya kujua chake kikoje.

Umeme nimeuchukua kwenye betri ndogo. Watu hawajui kwamba gari la haibridi, la petroli na umeme pamoja, lina betri mbili. Kubwa ni ya kusukuma magurudumu, haiguswi, inaua. Ndogo iko nyuma, ya volti kumi na mbili: taa, milango, na kuliamsha gari. Ndogo ikifa, hata kubwa ikiwa imejaa, gari ni bati tu. Kwa hiyo nimeweka kikatio. Betri ikishuka, kompyuta inazimwa. Juu ya betri nimejenga rafu ya mbao, nikaikaza kwa skrubu kumi na sita. Kazi safi. Najisifu mwenyewe, nani mwingine atanisifu?

Jumatano, 8 Oktoba

Kikatio kimeniudhi. Siku tatu mfululizo, kila nikiamka alfajiri picha imekatwa. Natazama kioo cheusi kama mjinga. Leo nimevuka nikakitoa. Waya moja kwa moja hadi kwenye betri. Nikaliwasha gari robo saa lipate moto, nikafunga, nikarudi. Picha safi kabisa.

Shee kapiga simu kutoka Malindi. Ni kakake Zena, na Mzee wao anaishi kwake. Mzee kifua kimembana, amelazwa hospitali. Zena hakula.

Miaka minne babake hajasema naye. Alimchagulia mtu wa hapa mjini, mwenye nyumba na jina. Zena akanitaka mimi, mtu wa kijiji cha Mbwajumali, mtoto wa mkulima. Mzee akatuozesha shingo upande, kisha akahamia Malindi na hakumtaja tena. Nimemwambia Zena twende kesho. Asema hajaitwa. Hawezi kwenda kukaa mlangoni pa mtu asiyemtaka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Picha imekatika tangu jana alasiri. Mtandao wa Mokowe, bila shaka. Nina kompyuta sita za shule za kutengeneza hapa dukani. Nitavuka Jumatatu.

Mzee hali ile ile.

Jumatatu, 13 Oktoba. Malindi

Mzee amefariki jana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amezikwa jana hiyo hiyo baada ya alasiri.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 14 Oktoba. Malindi

Jumapili saa mbili asubuhi Shee alipiga. Baba amtaka Zena. Amtaja kwa jina. Ataka kumpa radhi.

Zena alivaa buibui huku analia na kucheka pamoja. "Nimeitwa, Kassim. Nimeitwa!" Tulishuka gatini mbio, tukachukua boti ya injini. Saa tatu kasorobo tuko Mokowe.

Gari halikufunguka. Nabonyeza ufunguo, kimya. Nilijua papo hapo, ni ile betri ndogo. Nataka niliandike hili kwa sababu mpaka leo sijamwambia mtu. Nilijua hata kabla sijafungua mlango kwa ule ufunguo wa chuma.

Mabasi ya asubuhi yalikuwa yameshaondoka. Lali, anayelinda magari pale, akaita watu walisukume. Wanaume wanane. Halikusogea hata shibiri. Gari hili likikosa umeme magurudumu yanabaki yamefungwa, na hata lingesogea, haliwashwi kwa kusukumwa. Hilo pia nilijua. Nikawaacha wasukume ili nionekane nafanya kitu.

Bwana Omari, mwenye pikapu, akanivuta pembeni. Akasema kwa sauti ya chini, "Mpakie mkeo, niwapeleke mpaka Malindi. Gari lako litangoja." Zena alikuwa kivulini penye duka, hakusikia. Nikamwambia Bwana Omari ahsante, dakika kumi tu. Mimi fundi, bwana. Mbele ya watu wote wale niliache gari langu nipande la mwingine? Dakika kumi. Akatikisa kichwa, akaisogeza pikapu karibu, akatoa waya za jampa, za kuunganisha betri kwa betri.

Buti halifunguki bila umeme. Nikajipenyeza kwa viti vya nyuma, kifudifudi, nikaanza kuifungua rafu yangu ili niifikie betri. Skrubu kumi na sita. Jasho linaingia machoni. Mbili zikavunjika vichwa. Saa nne ikapita nikiwa humo ndani. Ndipo nikakumbuka kwamba mbele, chini ya boneti, kuna mahali pa kuchomeka waya, pamewekwa na wenye kulitengeneza kwa ajili ya siku kama ile. Nimewahi kuwafundisha watu jambo hilo. Nililisahau. Akili yangu yote ilikuwa kwenye rafu. Nikaunganisha mbele, gari likaamka mara moja. Saa nne na nusu.

Wakati nimelala humo ndani, Zena alipiga simu hospitali. Shee akaiweka sikioni mwa Mzee. Zena akasikia pumzi tu. Shee akasema Mzee akataa kwa kichwa, hataki simu, amtaka yeye.

Tukapita Hindi, tukapita Witu. Vizuizi vya polisi. Kila mara Zena akiuliza tumebakisha kiasi gani, mpaka nikamkaripia. Nilimkaripia. Baada ya Garsen hakuuliza tena.

Mzee alikata roho saa saba na robo. Tulifika saa nane.

Shee alikuwa amemsihi: niambie mimi, Baba, nitamfikishia. Mzee akausogeza mpira wa oksijeni kando ya mdomo akasema, "Nitampa mwenyewe." Hakusema neno jingine.

Jumatano, 15 Oktoba. Malindi

Matanga. Wanaume wanaingia, wananipa mkono, kila mmoja na neno lile lile. Kadari. Gari kuharibika siku kama ile ni kadari ya Mola. Nasema amin. Nimesema amin leo mpaka ulimi umekauka. Kadari gani hii niliyoifunga kwa mikono yangu, kwa bisibisi? Najificha nyuma ya jina la Mungu na watu wananionea huruma.

Mama mkwe ananiita mwanangu. Ananiwekea sahani yangu kabla ya wenzangu. Naisogeza kwa aliye jirani yangu.

Zena hakai na wanawake wenzake. Yuko chumbani kwa Mzee, ameikumbatia kanzu yake ambayo haijafuliwa. Mtu akimwambia bila shaka babako alikuwa radhi nawe, anauliza, alisema?

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumerudi. Mokowe nikamtanguliza Zena kwenye boti, nikasema nabaki kidogo kuangalia gari. Nikaiwasha kompyuta. Ina rekodi ya betri, kila saa inaandika. Mimi mwenyewe niliipanga hivyo.

Jumatano jioni, volti kumi na mbili na nusu. Alhamisi alfajiri, kumi na mbili kamili. Adhuhuri, kumi na moja na kidogo. Alasiri, kumi na nusu. Baada ya hapo hakuna.

Haukuwa mtandao. Na rekodi ilikuwa wazi kwenye simu yangu, ningeigusa tu ningeiona. Nilikuwa natazama mbuzi.

Nimeichomoa kompyuta na waya zake zote. Lali akauliza kama nimepata kasoro ya gari. Nikasema bado natafuta.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimemwambia Zena. Alikuwa anakunja nguo. Nikamweleza betri ndogo, kikatio nilichokitoa, picha iliyokatika tangu Alhamisi nikapuuza. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hukukusudia." Akaniwekea mkono kichwani. Nikalia kwa kwikwi. Yeye hakulia.

Lakini Bwana Omari sikumtaja. Alivyonigusa vile, nitamtajaje? Nimetubu nusu. Nimepata msamaha wa uongo na nimelala mchana kutwa kama mtu aliyepona. Mnafiki.

Jumatano, 22 Oktoba

Bwana Omari amevuka kuja kutupa pole. Nilimkaribisha sebuleni, nikamtilia kahawa. Zena akaja na buibui lake akaketi karibu na mlango, akamshukuru kwa msaada wake wa siku ile.

Bwana Omari akasema, "Siku ile, Bi Zena, mimi nilimwambia..." Akanitazama. Akaona usoni kwangu kila kitu. Zena akauliza, alimwambia nini? Akajibu alinambia jua kali, nivae kofia.

Mtu mzima, msikiti haumkosi, amesema uongo nyumbani kwangu kwa ajili yangu. Hakumaliza kahawa. Akatuombea dua akaenda zake.

Zena hakuniuliza kitu. Ananitazama tu. Heri angeuliza.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimesema. Asubuhi, baada ya chai. Nimesema yote: pikapu ilikuwepo, mafuta yamo, Bwana Omari alijitolea saa tatu na robo, kabla sijaigusa hata skrubu moja. Na mimi nikamwambia dakika kumi.

Akauliza jambo moja. Pikapu ingefika saa ngapi? Ningeweza kudanganya, barabara ile nani anaijua. Nikasema saa saba kasorobo. Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anayefundishwa. Nusu saa.

"Mimi nilitaka dakika moja tu," akasema.

Nikapiga magoti. Nikamwambia, nipe radhi yako. Sijui kwa nini nilichagua neno lile, katika maneno yote ya duniani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua.

"Radhi? Mimi sina, Kassim. Yangu imezikwa Malindi. Nikupe ipi?"

Akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Duka sikufungua. Zena anapika, anapakua, anaweka sahani yangu, anaondoka. Msikitini sikusikia hotuba hata neno.

Niandike na hili, maadamu hakuna asomaye. Nilipomkatalia Bwana Omari haikuwa aibu ya watu wa Mokowe peke yake. Miaka minne mzee yule alinidharau. Nilitaka Zena afike kwa gari langu. Nilitaka niliegeshe mlangoni pa hospitali, Shee alione, aingie ndani aseme, Baba, mumewe kamleta kwa gari lake. Nilitaka Mzee alisikie hilo kabla hajafa.

Hapo ndipo zilipokwenda zile dakika. Nampenda Zena na nimemfanyia hivi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Anafunga nguo. Aenda Malindi kwa mamake, amsaidie katika eda. Eda ni miezi minne na siku kumi. Nimeuliza kama baada ya hapo atarudi. Asema hajui, na asema kweli, namjua akisema kweli.

Nimemwambia nitampeleka mimi. Akasema, "La. Nitapanda basi."

Jumapili, 26 Oktoba

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Nilimbebea mkoba mpaka gatini, na Mokowe nikaubeba tena mpaka penye basi. Tulipita mbele ya gari langu. Hakuligeukia. Lali akamwamkia, akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za watoto wake.

Basi likachelewa kidogo. Tulisimama pamoja. Nikamuuliza kama ana maji, akasema anayo. Utaji wa kichwani ulimteleza begani, nikanyoosha mkono niutengeneze, nikaurudisha. Akautengeneza mwenyewe. Alipopanda alikaa dirishani, upande wangu. Hakunipungia, na mimi sikupunga. Lilipoondoka nilisimama mpaka mavumbi yakatua.

Nimerudi Amu. Nimefagia nyumba yote, na chumba cha kulala mara mbili. Nimeanika shuka.

Saa sita kasorobo ujumbe ukaingia. Neno moja. "Nimefika."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nikampelekea alhamdulillahi, basi. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Nikatia udhu nikaenda msikitini.