Mafuta ya Trekta

Baba Mumo mpendwa,

Nimekasirika nawe. Tulikuzika kabla ya mvua kwisha, na watu wa kanisa wananiambia hasira haimfai mjane, ila sijui niiweke wapi. Kwa hiyo nakuandikia. Barua naiacha wazi. Mwenye kuisoma na asome, huenda naye ana mume mwenye gari.

Unaikumbuka siku ulipolileta? Mokowe ilikuwa imezoea malori na Landrova za serikali, basi. Ukaja na lile gari la Kifaransa, jeupe, refu, limelala chini kama limechoka. Ulikuwa umelichukua kwa yule mhandisi wa maji Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Nilitoka zahanati na aproni yangu ya kazi, ukaniambia, "Mama Mumo, simama hapo hapo. Tazama." Ukawasha injini. Nyuma ikainuka kwanza, polepole, halafu mbele ikafuata.

Bwana Shee, rafiki yako yule fundi wa vyombo vya baharini wa Matondoni, alikuwa amevuka kuja kununua misumari. Akauweka mfuko wake chini. "Mola wangu! Hili ni gari au ni ngamia?"

Ulicheka mpaka ukaegemea mlango. Halafu ukatueleza, mimi na yeye, kana kwamba gari umeliunda wewe: halina springi kama magari mengine. Lina mafuta, yanasukumwa na pampu hadi kwenye matufe ya chuma yenye gesi ndani, na kuna kishikio kidogo karibu na dereva cha kulipandisha na kulishusha. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayotia nguvu breki na usukani. Yule mhandisi, tulipomsindikiza gatini, alikuambia mara mbili: "Mafuta mekundu tu, Bwana Karani. Mengine yote ni sumu." Nilikuwepo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilisikia mimi, na wewe ulisikia.

Mwaka wa kwanza lilitutunza. Tulikuwa tunapita mashimo ya barabara ya Hindi, Mumo amelala kifuani pangu, na wala hashtuki. Halafu likaanza ugumu. Likawa linarukaruka kama mkokoteni wa punda, na asubuhi linachukua muda kuinuka. Ukafungua boneti, ukachovya kijiti tangini, ukaniletea jikoni. Mafuta yalikuwa meusi kama maji ya ukwaju.

"Nitayabadilisha," ukasema.

"Lipeleke Mombasa kwa fundi anayelijua."

"Mombasa! Kumwaga mafuta na kutia mengine, hiyo nayo ni kazi ya kupeleka Mombasa?"

Jumamosi ile nilikuwa naanika nguo. Uliingia chini ya gari chali, na spana yako, juu ya mchanga mtupu. Hukuweka gogo wala jiwe. Ukalegeza skrubu ya kutoa presha. Nikasikia mlio mrefu, kama chai inayomwagikia makaa, na gari likaanza kushuka. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata nikijifungua. Bwana Shee, aliyekuwa kivulini akingoja mashua, alikimbia, akakushika miguu, akakuvuta. Ulitoka, ila shati lako lilibaki chini. Ukakaa kwenye mchanga kifua wazi, umechubuka bega, unatabasamu! 

"Bwana Karani," Shee akakwambia, na yeye hakuwa akicheka, "sisi hatuingii tini ya chombo kisichowekewa magogo. Hata kikiwa kidogo. Wataka kufa kwa ajili ya kitu hiki?"

Kesho yake akakuletea magogo manne ya mkoko. Uliyapokea kwa adabu, ukaendelea na kazi. Sufuria yangu ya wali ukaifanya ya kukingia mafuta machafu. Mengine yakaruka yakaupiga mlango wetu wa mbele, na rangi yake ya buluu ikavimba ikabambuka kama ngozi iliyoungua. Nilichukua ufagio nikafagia maganda yale ya rangi mbele yako. Ulijua nikifagia hivyo maana yake nini, ukajifanya hujui.

Mafuta mapya mekundu uliagiza Mombasa, yaje na basi. Basi likaja bila mafuta. Likaja tena bila mafuta. Gari likabaki limelala uani, tangi tupu, kuku wetu wakafanya boneti uwanja wao.

Ndipo ikaja telegramu kutoka kwetu Kangundo: mama yangu mgonjwa sana, nije upesi.

Nilitaka kungoja basi. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zangu na za Mumo. Ukasema, "Mama Mumo, hutaenda kwa mama mgonjwa umebanwa kwenye basi na mtoto. Kesho asubuhi tunaondoka na gari letu." Nikakuuliza litatembea na nini. Ukaenda karakana ya barabara, huko kwenye ofisi yako, ukarudi na debe. Nilichungulia. Yalikuwa ya rangi ya asali.

"Si mekundu haya."

"Ni ya trekta. Trekta inainua tani ya mawe kwa mafuta haya."

"Mzungu alisema mekundu tu."

"Mafuta ni mafuta, Mama Mumo."

Neno hilo nimeliweka kichwani kama mwiba uliokatikia unyayoni. Ulimimina, ukakaza skrubu, ukawasha. Nyuma ikainuka, mbele ikafuata, kuku wakatawanyika. Ukanitazama kwa ile sura yako ya kushinda, na nitasema kweli, nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu nilimtaka mama yangu.

Hadi Witu tulikwenda vizuri. Baada ya Witu nikaona unaushika usukani kwa nguvu, mishipa imekusimama mikononi. Ikawaka taa ya onyo, ukaifunika kwa kiganja nisiione, kama vile mimi ni mtoto. Tulipofika Garsen, kwenye ule mteremko wa kivukoni, chini kulikuwa na wanawake wenye vikapu vya ndizi wakingoja pantoni, na mto Tana umejaa. Ukakanyaga breki. Ukakanyaga tena.

"Shika mtoto," ukasema. Hukupaza sauti.

Ulivuta hendibreki kwa mikono yote miwili, ukaachia usukani, ukaurudia, ukauzungusha kwa bega lile lililochubuka. Tukaacha njia, tukaingia kwenye rundo la mchanga wa watengeneza barabara. Gari likapanda nusu, likasimama. Wale wanawake hata hawakuwahi kukimbia. Mmoja wao aliniambia, "Shuka mama, shuka unywe maji." Mumo hakulia mpaka nilipoanza kulia mimi. Gari likashuka taratibu mpaka tumbo likagusa mchanga, na mafuta ya rangi ya asali yakawa yanachirizika kila upande.

Lori la mahindi lilikuwa ng'ambo, linakwenda Malindi. Dereva wake, aliyevuka na pantoni kuja kututazama, alikuwa tayari kutubeba wote. Na wewe, Baba Mumo, ukasema nini?

"Nenda na mtoto. Mimi nitabaki na gari."

Nilidhani sikusikia. Nikakuuliza mama yangu nitamwambia nini. Ukasema, "Mwambie nakuja. Watalifungua lote vipande hapa nikiliacha." Nilipanda pantoni bila kuaga. Najua ulisimama ukitutazama mpaka tukavuka, kwa sababu dereva aliniambia. Mimi sikugeuka.

Mama alikuwa amedhoofu, lakini Mungu ni mwema, homa ilikuwa imeanza kumwachia. Nilimhadithia yote, nikitegemea walau yeye ataniunga mkono. Akalala akicheka kwa sauti ya kikohozi. "Mwanamume asiyeacha chuma chake porini," akasema, "wewe unaogopa atakuacha?" Nilikasirika na yeye pia.

Hukuja. Niliporudi Mokowe nilikukuta umeshavutwa na lori la ofisi, gari nyuma kwa mnyororo, na umeanza kulifungua. Mipira yote ya ndani, ile ya kuzuia mafuta yasivuje, ilikuwa imevimba kama kunde zilizolowekwa. Uliushika mmoja mkononi, ukanionyesha. "Ni yale mafuta," ukasema. Hukuniomba msamaha. Ulinionyesha mpira tu, kana kwamba mpira ndio uniombe.

Halafu ukasema utaenda Mombasa mwenyewe kutafuta mipira mipya na mafuta mekundu. Nilikuambia ngoja masika yapite. Nilikuambia kama mke, na nilikuambia kama muuguzi ambaye kila masika anawapokea watu wa Garsen wakitetemeka kwa malaria. "Mvua bado haijashika," ukasema. Ilishika ukiwa njiani kurudi. Barabara ilikatika, ukalala siku kadhaa kwenye mabanda ya watu, ukavuka mafuriko kwa mtumbwi wa Mpokomo mmoja, boksi lenye mipira na debe la mafuta umelikumbatia kifuani lisilowe. Boksi lilifika kavu. Wewe ulifika unaungua.

Nilikutibu kwa nilichokuwa nacho. Ulipoanza kuongea maneno yasiyoshikana, Bwana Shee alileta mashua tukakuvusha kwenda hospitali ya Lamu. Njiani ulinishika mkono, akili ikakurudia kidogo. Nikainama nisikie. Nilidhani utaniambia juu yangu, au juu ya mtoto.

"Kwanza legeza skrubu ya presha," ukasema. "Safisha na spiriti. Usiingie chini bila magogo."

Hayo ndiyo uliyoniachia. Wake wengine wameachiwa maneno ya kuandikwa kwenye msalaba, mimi nimeachiwa maelekezo ya gari.

Fundi Kazungu wa karakana aliifunga ile mipira mipya, kila akitoka kazini, kwa sababu alikupenda. Kabla hajatia mafuta akapelekwa kambi ya barabara huko Hola. Gari likabaki uani. Kila asubuhi nikienda zahanati nalipita, na watu wananiambia, "Bi Esta, liuze vyuma." Nikawa nakereka na gari, nakereka na wao, nakereka na wewe.

Juzi nikachoka. Nilinunua spiriti dukani. Bwana Shee akaja na kuyapanga yale magogo ya mkoko mwenyewe, akayapiga teke moja moja kuyajaribu. Nililegeza skrubu. Nilisafisha tangi na chujio mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikapitisha spiriti, nikaimwaga yote. Nikafungua debe ulilolibeba kifuani. Yalikuwa mekundu, Baba Mumo. Mekundu kama soda ya dukani. Nikajaza, nikakaza, nikaondoa kila kitu chini, nikaingia ndani nikawasha.

Kwa muda hakikutokea kitu. Pampu ilikuwa inagonga, tik tik, tik tik. Shee amesimama mikono nyuma. "Ngoya, Bi," akasema. "Usilikimbize."

Nyuma ikainuka.

Nilitoka mbio nikapiga kelele kuelekea nyumbani: "Baba Mumo! Baba Mumo, njoo uone!"

Nililiita jina lako kwa sauti kubwa hata Mama Riziki wa jirani akatoka nje. Mlango wetu ulikuwa wazi. Shee akainamisha kichwa, akajifanya anaokota gogo. Mbele ya gari ikamaliza kupanda, likasimama sawa, zuri, na mimi nikakaa chini mchangani, mikono imejaa mafuta, nikalia kwa hasira. Si kwa huzuni, nataka ulijue hilo. Kwa hasira. Mtu hawezi kuhangaika hivyo na kitu halafu asiwepo siku kinapopona.

"Pole, Bi Esta," Shee aliniambia baadaye. "Siku ya yeo angefurahi mno."

"Angejisifu," nikamwambia.

"Kufurahi, na kuyisifu pia," akasema, tukacheka kidogo.

Ofisi ya afya imekubali nihamishiwe karibu na mama. Jumamosi tunaondoka, mimi na Mumo, na gari lako. Breki nimezijaribu kwenye barabara ya Hindi, pale uliponifundisha kuendesha, nikazijaribu tena, zinashika. Kule Garsen kwenye mteremko nitashusha gia mapema na nitamwomba Mungu. Bwana Shee anabaki kulitazama kaburi lako; ameshalizungushia mawe ya matumbawe bila kuniuliza.

Lala salama, mume wangu. Ungekuwepo ningekugombeza tangu Mokowe hadi Kangundo, kila kilima na kila daraja, na wewe ungekuwa umeshika usukani ukitabasamu tu. Sasa nitaendesha kimya, na sijui nitaifanyaje safari yote hiyo.

Mimi mkeo,
Mama Mumo