Aspirini tatu nilizompa Zena

Jumatatu, 2 Septemba 1991. Koboko.
Soko nzuri leo. Simsim ya leo, ufuta, imeisha yote. Mama Aisha amegombana tena na bwana yake, sufuria imeruka mpaka barabara. Nimecheka mpaka mbavu inauma. Dada yangu Zena hakucheka. Kichwa inamugonga. Nimemupa aspirini tatu kutoka mufuko yangu. Mimi ndiyo daktari ya soko, kila mutu anajua.

Jumanne, 3 Septemba.
Zena ameanguka akipepeta simsim. Mudomo imeenda upande. Mukono ya kulia imekufa. Wamama wamesema majini, wamechoma ubani. Dispensari iko na panado na kitanda, basi. Tumemupandisha lori ya tumbaku. Kila shimo anatapika. Nimeshika kichwa yake mpaka Arua.

Jumatano, 4 Septemba. Arua.
Wadi imejaa, sista mmoja. Daktari kijana, mutu ya adabu.
"Mama, mushipa ya kichwa imeziba ama imepasuka. Sijui. Mashini ya kuona ndani ya kichwa hapa hakuna. Nairobi iko."
"Sasa unatibu nini?"
"Nabahatisha, mama. Kama imeziba, aspirini inasaidia. Kama imepasuka, inazidisha damu. Mulimupa dawa gani?"
Mimi. Siku zote mudomo yangu haijui kufunga. Leo nimesema, "Hakuna."

Alhamisi, 5 Septemba.
Nimemulisha uji, si mgonjwa lazima ale? Imeingia kwa pafu. Sista amekuja mbio: "Hajui kumeza! Nani amekuambia?" Hakuna mutu ameniambia kitu. Sista mmoja, vitanda arobaini, ataambia nani? Zena anakoroma kama lori. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 6 Septemba.
Hafungui macho. Nimefuata daktari mpaka mulango ya nje. Nimesema: aspirini tatu, Jumatatu, mimi. Amesema: "Mama, hata ungesema juzi, mimi sina kitu ya kusimamisha damu." Nilitaka anitukane. Hakunitukana.
Zena amekufa saa kumi.

Jumamosi, 7 Septemba. Koboko.
Tumezika.

Jumatatu, 16 Septemba.
Nimerudi soko. Fatuma anauza nyanya amekuja: "Dada, kichwa inaniuma, toa ile dawa ya kwako."
Nimemwambia aende dispensari.
"Ee! Leo daktari amefunga kliniki?"
Wote wamecheka. Ungo ya Zena iko na simsim bado. Nimepepeta.