Nia ya Skola

Jumamosi usiku, Kilolo

Huyu mtoto atanitoa roho. Leo jumuiya ilisali sebuleni kwetu, na nilikuwa nimemfundisha Skola kutoa nia kwa sauti: aombee wagonjwa, kisha akae.

Akasimama. "Tumwombee Mama Beni. Mbuzi wake alikula kabichi zetu, na tangu siku hiyo mama yangu hamsalimii."

Mama Beni alikuwa amekaa nami mkeka mmoja.

Halafu watu wote: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Na mimi nikaitikia, ningefanyaje? Moyoni nikasema, leo huyu mtoto atanikoma.

Lakini watu walipoanza kuondoka nikamwona Skola mlangoni, ameshika ndala za Mama Beni, anamsubiri amvalishe. Ana miaka minane tu. Mimi na ukubwa wangu sikuweza hata...

Nikatoka nyuma yao, nikamsalimia kwa Kihehe. "Kamwene, Mama Beni."

Alinitazama kwanza. "Kamwene, Mama Skola." Akauliza kama kuna kabichi zilizopona.

Zile kabichi bado zinaniuma, sitaki kudanganya. Na Skola sijamsifu, asije akavimba kichwa. Ila usiku huu aliyevimba kwa fahari ni mama yake.