Dadu Ilisema Ishirini, Mimi Nikasema Nne

Bi Marlys mpendwa,

Wewe unayejibu barua za watu wenye shida, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo siku yetu ya kucheza, na wifi yangu amenipa mpaka siku hiyo. Nakuandikia Otis akiwa amenilalia begani, kwa hiyo mwandiko ukipinda si dharau, ni uzito wa mtoto wa miezi minane. Nina miaka ishirini na tatu, shule niliiacha darasa la kumi, lakini kuna jambo moja ninalolijua vizuri na sioni haya kulisema, najua kusimulia mchezo. Tukitoka kanisani watu wa nyumba ya mume wangu wanakuja jikoni kwangu, tunakula soseji na viazi, tunafuta meza, kila mtu anatoa karatasi yake yenye mtu wake wa kubuni, nguvu zake na silaha zake, na mimi nawaambia mko mbele ya pango, ndani kuna harufu ya nywele zilizoungua, mnafanyaje? Wao wanasema wanachofanya, na pale pasipo na hakika tunarusha dadu, yetu ina pande ishirini.

Tumecheza michezo mingi ya namna hii, wa meli za angani, wa wapelelezi ambao ukiona mengi mno unashikwa na wazimu, hata mmoja ambao sote tulikuwa panya wenye mikuki, na mume wangu Wade aliupenda huo kiasi kwamba mpaka leo akikuta panya ghalani anamsabahi kwanza. Lakini huu wa mapango na majoka ndio tunaourudia, na ukiniuliza utamu wake uko wapi nitakwambia uko katika kile kitambo kifupi dadu inapozunguka mezani na hakuna anayejua itasemaje, hata mimi msimulizi sijui, na chai inapoa hakuna anayeigusa.

Aliyeniingiza katika haya yote ni mama mkwe wangu, Ardis. Yeye alikuwa na Brunda, mfua chuma mwanamke mwenye ndevu, mkali, mpenda supu, anayetukana kwa sauti nene mpaka Ardis mwenyewe anakohoa kwa kucheka. Ardis tulimzika Oktoba. Baba mkwe, Verlin, hakuwahi kucheza maishani, yeye alikuwa mtu wa kukaa sebuleni na mpira wake, na baada ya mazishi akawa hata salamu haitiki vizuri, anakuja, anakula, anaangalia theluji. Halafu Jumapili moja ya Januari akavuta kiti cha mkewe, akatoa karatasi ya Brunda kwenye mkebe wa biskuti tunamoziweka, akaniuliza, "Huyu mama anachezwaje?" Nikamwonyesha. Bi Marlys, mzee aliongea siku ile kuliko majira yote ya baridi, tena kwa sauti ya Brunda, na kile kikohozi akakiweka.

Sasa meza yetu ina desturi, na Ardis ndiye aliyeianzisha. Mtu wa mchezo akifa, mwenye naye anaikunja ile karatasi na kuitia mwenyewe kwenye jiko la kuni, tunanyamaza kidogo, kisha tunakula pai. Wifi yangu Darla alifanya hivyo Februari. Mwizi wake aitwaye Vidole, aliyecheza naye miaka mitatu, aliangukia shimoni kwa dadu ya haki niliyoirusha mimi. Darla alilia, lakini karatasi aliitia motoni, na tangu hapo hajaunda mtu mwingine, akija anakaa kando yangu na kumbeba Otis.

Wiki mbili zilizopita Brunda alibaki peke yake darajani kulizuia zimwi ili wenzake wavuke. Nikarusha dadu ya zimwi nyuma ya kadi ngumu ninayoisimamisha mbele yangu wasione siri zangu. Ikasema ishirini. Kwetu adui akipata ishirini pigo linaumiza maradufu, na Brunda alikuwa hoi, kwa hiyo hapo hakuna mjadala, ni kifo. Nikaitazama karatasi mkononi mwa baba mkwe, mwandiko wa Ardis wa wino wa buluu, saba zake zenye mkato katikati, doa la supu pembeni. Nikalitazama jiko, lilikuwa linawaka. Nikasema, "Nne. Limekukosa."

Baba mkwe akapiga meza kwa furaha mpaka Otis akashtuka, kisha mtoto naye akacheka. Wakati wa kuvaa koti akanishika mkono akasema, "Mwanangu, meza yako naipendea jambo moja. Haipendelei mtu." Nikahisi kama nimemeza jiwe.

Na Darla aliiona dadu, kwa sababu alikuwa kando yangu, upande wa ndani wa kadi. Hakusema kitu mbele za watu. Tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo akaniambia polepole, anafuta sahani ileile, "Kumbe dadu yako ina ndugu, wifi. Vidole wangu haikumjua." Nikamwambia nilifanya kwa ajili ya baba. Akasema basi nimwambie baba mwenyewe, la sivyo yeye atamwambia tutakapokutana tena. Jumapili iliyofuata theluji ilifunga barabara, hawakuja. Hii inayokuja wanakuja.

Nikisema kweli, karatasi ya Ardis inaingia motoni na mzee anarudi kwenye dirisha lake. Nikinyamaza, nampoteza wifi, na kila nikishika dadu mkono unakuwa mzito. Naamini njia ipo, mimi si mtu wa kukata tamaa, ila siioni. Nionyeshe.

Renae, mama Otis
Huku kwetu kwenye kiwanda cha jibini, Wisconsin

*

Mwanangu Renae,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevua miwani kuifuta. Nimekaa kwenye kiti chako cha msimulizi miaka thelathini, katika vyumba vya chini vya nyumba za watu, kwa hiyo usidhani unazungumza na mtu wa kando. Ulifanya kosa. Ulilifanya kwa huruma, na huruma ni kitu kizuri, lakini ile kadi haikusimamishwa kwa ajili hiyo. Ni ya kuficha zimwi lililoko chumba cha pili. Si ya kumficha Renae.

Wewe mwenyewe umeniandikia utamu wa mchezo uko wapi. Uko pale dadu inapozunguka na hakuna anayejua. Sasa siku ile wewe ulijua. Baba mkwe wako alishangilia peke yake, mwanangu, na wewe ulikuwa unamtazama tu. Ulimnyang'anya kitu hukumwambia.

Hapo nimekugombeza vya kutosha. Sasa nisikilize.

Unamwogopa Darla bure. Umeandika ukurasa mzima ukasahau Ardis alikuwa mama wa nani. Unadhani binti huyo anataka kuona mwandiko wa mama yake unaungua? Angetaka hivyo angepayuka palepale. Alinyamaza mpaka kwenye sinki, akakwambia wewe kwanza. Huyo si adui, ni mtu aliyemtia Vidole wake motoni kwa sababu aliamini sheria ni moja kwa wote, kisha akaona si moja. Muombe radhi yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpigie simu leo, usingoje Jumapili.

Na mzee usimgeuze yai. Mtu aliyemzika mkewe Oktoba, akakalia kiti chake Januari na kukohoa kikohozi chake mbele ya watoto wake, huyo ana kifua kipana kuliko unavyomdhania. Amekwambia kwa mdomo wake kinachomleta mezani kwako. Hakusema ni Brunda asiyekufa. Amesema ni meza isiyopendelea. Wewe ukahisi jiwe kwa sababu ulimsikia vizuri.

Tena lipo jambo linalonishangaza. Dadu ni sheria ya mchezo, hiyo uliipindua kwa siri bila kupepesa jicho. Jiko ni desturi ya jikoni kwenu, mama mmoja aliianzisha kwa sababu alipenda mambo yenye kishindo, nayo ukaiona kama amri iliyoshuka mlimani! Ulidanganya ili kuokoa karatasi, na karatasi ungeiokoa bila kudanganya. Ilikuwa inahitaji sentensi moja tu: "Jamani, hii ya mama tusiichome." Nani pale mezani angekukatalia?

Basi fanya hivi. Jumapili, baada ya viazi, kabla dadu haijaguswa, iondoe ile kadi mezani. Sema, "Baba, ile dadu ilisema ishirini, mimi nikasema nne." Usieleze sana, usilie kwanza, acha wayasikie maneno yenyewe. Mzee akikasirika, na akasirike, ni haki yake. Akimaliza, mrudishe darajani. Mwambie zimwi limeinua rungu, Brunda ana pumzi moja, wenzake wameshavuka salama, na yeye ndiye atakayesema Brunda alifanya nini na alisema nini mwisho. Hapo usimsaidie hata neno. Wanaume wengi wa huku kwetu hawapewi nafasi ya kuaga.

Kisha karatasi isiende motoni. Muulize Darla iwekwe wapi, maana ni ya mama yake. Mimi ningeitia kwenye sanduku la Ardis la kadi za mapishi, pale kwenye supu, ila uamuzi ni wake. Nyamazeni kidogo kama ilivyo desturi, mle pai.

Na asubuhi hiyo kabla ya kanisa, kabla hata ya kumnyonyesha Otis, weka mezani karatasi mbili tupu na uchonge penseli mbili. Moja ya baba mkwe. Nyingine ya Darla, na huyo mtoto mbebe mwenyewe.